Mwani unaosafisha maji taka ya Nairobi, na kinachouua kabla haujafanya kazi

Kila siku maji taka ya Nairobi hushuka kuelekea mashariki kupitia mabomba yaliyozikwa kandokando ya mabonde ya mito. Sehemu kubwa huishia Ruai, kwenye kituo cha kusafisha maji taka kinachojulikana kama Dandora. Mgeni anayetarajia kuona mitambo mikubwa huko huona mabwawa mapana, moja baada ya jingine, mengi yakiwa na maji ya kijani. Ukijani huo ni mwani, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha.

Katika miaka ya karibuni mwani mdogo umezungumziwa sana duniani kama njia ya kusafisha maji machafu ya viwanda na wakati huohuo kunasa hewa ya kaboni, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani. Wapo wanaodhani ni teknolojia ya nchi za mbali. Ukweli ni kwamba Nairobi imekuwa ikiutegemea mwani kwa miongo kadhaa. Swali kwa mkazi wa Gikomba, Majengo, Shauri Moyo au Kamukunji ni hili: je, uchafu unaotoka kwenye karakana, kibanda cha chakula au meza ya samaki unaufikia mwani huo, na ukiufikia unaukuta ukiwa hai?

MWANI MDOGO NI NINI?

Wakenya wengi wakisikia neno mwani hufikiria mimea ya baharini inayolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale. Mwani mdogo ni wa ukoo huo, ila ni mdogo kiasi kwamba chembe moja haionekani bila darubini. Chembe ya aina iitwayo Chlorella, kwa mfano, ina upana wa takriban elfu chache tu za milimita. Ukiona maji ya tangi lililokaa juani yamegeuka kijani, unaangalia mamilioni ya chembe za namna hiyo kwa pamoja.

Kenya ina mfano mwingine maarufu. Heroe wa Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru hula mwani mdogo uitwao Arthrospira, ambao madukani huuzwa kwa jina la spirulina. Rangi ya waridi ya ndege hao hutokana na chakula hicho.

Kama mahindi au sukuma wiki, mwani hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Huchukua mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni, ukatengeneza mwili wake na kutoa oksijeni. Pia huhitaji mbolea, hasa nitrojeni na fosforasi. Maji taka yana mbolea hizo tele, kwa kuwa zimo katika mkojo, kinyesi, damu, mabaki ya chakula na sabuni nyingi.

USHIRIKA WA MWANI NA BAKTERIA

Mwani haufanyi kazi peke yake. Ndani ya bwawa kuna bakteria wanaokula uchafu unaooza. Ili waule vizuri na bila kutoa uvundo, bakteria hao wanahitaji oksijeni. Wakishakula, hutoa hewa ya kaboni. Mwani uliomo kwenye maji yaleyale huichukua hewa hiyo, hukua na kutoa oksijeni, na bakteria huitumia tena. Kila kilo moja ya mwani mkavu inayoongezeka bwawani huambatana na takriban kilo moja na nusu ya oksijeni iliyoingia majini.

Katika vituo vya kisasa visivyotumia mwani, oksijeni hiyo hupulizwa majini kwa mashine za umeme. Mara nyingi kazi ya kupuliza hewa pekee hula nusu au zaidi ya umeme wote wa kituo. Bwawa la mwani hupata hewa yake kwa jua, ambalo halina bili.

Profesa William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza ushirika huo kisayansi, katika miaka ya 1950. Yeye na wenzake walibuni mabwawa yenye kina kifupi, kama sentimita 30 hivi, ambamo maji huzungushwa polepole kwa gurudumu lenye mapanga ili kila chembe ipate zamu yake ya jua. Mabwawa ya namna hiyo husafisha maji kwa siku chache, ilhali mabwawa ya kawaida huchukua wiki kadhaa.

MABWAWA YA RUAI

Mabwawa ya Ruai ni ya aina ya kawaida, ambayo maji hupita kwa hatua. Mfumo kamili wa aina hii huanza na mabwawa yenye kina kirefu, ambamo uchafu mzito hutuama na kuoza bila hewa. Kisha huja mabwawa ya mita moja hadi mbili, ambamo tabaka la juu lina mwani na oksijeni, na chini huendelea uozaji usio na hewa. Mwisho ni mabwawa ya kina kifupi, ambamo maji hukamilishwa. Hapo mwani hukua kwa wingi mchana hadi maji yanapoteza ukali wa asidi na kuwa kama maji ya magadi. Hali hiyo, pamoja na miale ya jua, huua viini vingi vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Maji yakitoka hapo hurudi kwenye Mto Nairobi.

Utafiti wa wataalamu uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu awamu ya pili ya mabwawa ya Dandora uliyataja kuwa makubwa zaidi barani Afrika ya aina yake. Utafiti huohuo ulitoa hoja ya kuweka mabwawa ya mwanzo ya kina kirefu, yale ya kuozesha bila hewa, ili kuyapunguzia mzigo yanayofuata. Somo lililomo ni rahisi: mwani una kipimo chake. Ukipelekewa uchafu kupita uwezo wake, bakteria humaliza oksijeni yote, mwani hufa na bwawa huanza kunuka. Waangalizi wa mabwawa popote duniani wanaijua dalili moja: maji ya kijani yanapogeuka ya waridi au zambarau, kwa kawaida bwawa limelemewa na bakteria wa salfa wamechukua nafasi ya mwani.

Hali ya anga nayo ina uzito. Nairobi iko karibu na Ikweta, hivyo hupata takriban saa 12 za mchana mwaka mzima. Hii ni neema ambayo miji ya Ulaya haina. Hata hivyo, mwezi wa Julai, mawingu yanapotanda na baridi kuzidi, mwani hupunguza kasi. Usiku nao hautoi oksijeni kabisa, bali huitumia.

UCHAFU WA GIKOMBA NI WA AINA NYINGI

Gikomba inajulikana Afrika Mashariki nzima kwa mitumba, lakini soko hilo na vitongoji vyake ni zaidi ya nguo. Kuna samaki, mbao, vyakula vilivyopikwa, mafundi cherehani na wanaorudishia jinzi rangi. Jirani kuna wafua vyuma wa Kamukunji, nyama ya Burma na mafundi wa viatu vya ngozi wa Kariokor. Juu kidogo ya mto ziko gereji za Grogan. Kila kazi ina maji yake machafu, na mwani hauyapokei yote kwa namna moja.

Maji ya samaki, damu, mabaki ya chakula na kinyesi ni chakula cha bakteria na mbolea ya mwani. Yakifika bwawani kwa kiasi kinachofaa, husafishwa vizuri. Shida yake iko njiani. Mafuta ya kukaangia hupoa na kuganda ndani ya bomba, magamba na matumbo ya samaki hunasa hapo, vitambaa na karatasi za plastiki hukamilisha kazi. Bomba likiziba, maji hufumuka kwenye shimo la sewa na kutiririka hadi mtoni. Maji ambayo mwani ungeweza kuyasafisha hayafiki Ruai.

Rangi za nguo ni tatizo la pili. Mwani huishi kwa mwanga, na maji ya buluu iliyokolea huzuia mwanga kupenya. Aina fulani za mwani huweza kunyonya au kuvunja sehemu ya rangi hizo, na jambo hilo limethibitishwa maabara mara nyingi, lakini kazi hiyo huhitaji muda na rangi iliyozimuliwa. Ndoo ya rangi iliyomwagwa kwa mkupuo si mzigo mwepesi.

Mafuta ya injini ni mabaya zaidi. Tone dogo husambaa likawa utando mpana juu ya maji. Utando huo huziba mwanga na hewa, na ndani yake mna sumu zinazoua mwani na bakteria.

Kundi la nne ni madini mazito: risasi kutoka betri kuukuu, zinki kutoka mabati na asidi za kusafishia vyuma, kromiamu kutoka chumvi za kulainishia ngozi. Mwani una uwezo wa kushikilia madini haya kwenye ngozi yake, na baadhi ya viwanda duniani hutumia sifa hiyo. Lakini madini hayaozi wala hayatoweki. Hutoka majini yakaingia kwenye mwani na matope ya chini ya bwawa. Mwani wenye risasi hauwezi kulishwa ng'ombe wala kutiwa shambani. Kiwango kikizidi, mwani wenyewe hufa.

Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba uchafu wa viwandani usafishwe kwanza pale unapotoka. Asidi ipunguzwe ukali, mafuta yatenganishwe, madini yatuamishwe, ndipo kinachobaki kipelekwe kwenye mwani.

VIPI KUHUSU HEWA YA KABONI?

Hapa ndipo ahadi nyingi hutolewa, na hesabu husaidia kuzipima. Karibu nusu ya uzito wa mwani mkavu ni kaboni. Kwa hiyo, ili ikue kilo moja ya mwani, takriban kilo 1.8 za hewa ya kaboni hutumika. Bwawa la kina kifupi linalotunzwa vizuri, mahali penye jua kali, linaweza kutoa kama gramu 20 za mwani kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, itatoa kilo 200. Mwani huo utakuwa umechukua kilo 360 hivi za hewa ya kaboni.

Je, kiasi hicho ni kikubwa? Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa hiyo. Hekta nzima ya mwani, kwa siku njema, inafuta moshi wa lita 130 hivi za dizeli. Malori machache yanayoshusha marobota ya mitumba humaliza kiasi hicho kwa siku moja. Mwani basi hauwezi kusafisha hewa ya jiji zima. Faida yake ni kwamba kazi hiyo hufanyika sambamba na ya kusafisha maji, ambayo ingefanyika hata hivyo.

Kuna sharti jingine. Kaboni hubaki imenaswa pale tu mwani unapovunwa na kutumiwa. Mwani ukifia bwawani na kuzama, huoza na kuirudisha kaboni hewani. Ukioza bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kiasi sawa cha hewa ya kaboni. Mabwawa ya kawaida yasiyovunwa, kwa hiyo, husafisha maji lakini hayapaswi kuhesabiwa kuwa ghala la kaboni.

Kuvuna ndiko kugumu. Chembe ni ndogo mno kuchujwa kwa kitambaa, na katika lita nzima ya maji ya bwawa kwa kawaida haipatikani hata gramu moja ya mwani mkavu. Hata hivyo, ipo miji iliyojaribu. Chiclana, kusini mwa Uhispania, ilikuwa makao ya mradi ulioungwa mkono na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2011. Mwani ulioteshwa kwenye maji taka ya mji ulivunwa, ukaozeshwa ndani ya matangi yaliyofungwa, na gesi yake ikaendesha magari. Katika mfumo huo methani hainuki angani, bali hukusanywa na kuchomwa badala ya mafuta. Kwa jiji lenye jua la Nairobi wazo hilo si geni kimaumbile. Kinachohitajika ni ardhi, fedha, na zaidi ya yote, maji taka yasiyo na sumu.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka mipaka ya maji machafu. Mipaka hiyo inaonyesha vizuri kazi inayotarajiwa kufanywa na mwani na bakteria.

Uchafu unaooza hupimwa kwa kiasi cha oksijeni utakachohitaji ili uvunjwe. Kanuni hizo ziliruhusu hadi miligramu 500 kwa lita kwa maji yanayoingia kwenye sewa. Kwa maji yanayoachiliwa moja kwa moja kwenye mazingira, kikomo kilikuwa miligramu 30. Tofauti hiyo, kutoka 500 hadi 30, ndiyo kazi ya kituo cha kusafisha. Anayeelekeza bomba lake mtoni anaruka hatua yote hiyo na kuwaachia watu wa chini ya mto mzigo wake.

Watu hao wapo. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita katikati ya jiji na Gikomba, ukaendelea hadi Mto Athi, ambao humwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Njiani, kuanzia Njiru na Ruai, wapo wakulima wanaomwagilia mboga kwa maji hayo, na mboga hizo hurudi kuuzwa kwenye masoko ya Nairobi. Risasi iliyomwagwa mtoni inaweza kurudi sokoni ndani ya fungu la sukuma wiki.

Mbolea nyingi mtoni nayo si neema. Mahali ambapo maji hayasongi, mwani na magugu humea ovyo bila mpango. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kwenye Mto Ngong karibu na Kibera, limesongwa na magugu maji kwa sababu hiyo. Mwani uleule unaosaidia ukiwa ndani ya kituo hudhuru ukiachwa uote mtoni au ziwani, kwani ukifa na kuoza kwa pamoja humaliza oksijeni na kuua samaki.

ANACHOWEZA KUFANYA MFANYABIASHARA WA GIKOMBA

Mengi ya kulinda mwani hayahitaji mitambo:

• Mafuta ya kukaangia yasimwagwe kwenye sinki wala shimo la sewa. Yaachwe yapoe, yatiwe kwenye mtungi. Hoteli na vibanda vikubwa viweke kisanduku cha kunasia mafuta kabla ya maji kuingia bombani, na kisafishwe mara kwa mara.

• Magamba, matumbo na mifupa ya samaki vichujwe kwa wavu na kutupwa pamoja na taka ngumu.

• Mafuta ya injini yaliyotumika yakusanywe na kukabidhiwa wakusanyaji wenye leseni. Mafuta hayo yana soko.

• Asidi ya betri na ya kusafishia vyuma isimwagwe kamwe kwenye mtaro. Betri kuukuu zipelekwe zima, bila kupasuliwa, kwa wanunuzi walioidhinishwa.

• Wanaotia nguo rangi watumie maji ya rangi zaidi ya mara moja kabla ya kuyaacha, na wasiyaelekeze kwenye mtaro wa mvua. Mtaro wa mvua huenda mtoni moja kwa moja, hauendi Ruai.

• Vitambaa na mabaki ya mitumba visitumbukizwe kwenye mashimo ya sewa, na vifuniko vya mashimo hayo visiondolewe.

Kabla ya kuunganisha bomba la karakana au kiwanda kidogo kwenye sewa, idhini ya kampuni ya maji ya Nairobi inahitajika. Uunganishaji wa kificho mara nyingi huishia kwenye mtaro wa mvua, na mwenye jengo anaweza kulipia huduma ambayo maji yake hayaipati.

Mkazi akiona sewa inafurika, au maji ya mto yamebadilika rangi ghafla, aripoti kwa ofisi ya wadi au kampuni ya maji. Ikiwa ni kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni, mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo yenye nguvu za kisheria za kupima maji na kumshtaki mhusika. Ripoti yenye manufaa hutaja mahali hasa, siku na saa, rangi na harufu ya maji, na upande yanakotokea. Uchafu unaomwagwa usiku huwa umeshapita kufikia asubuhi, hivyo saa iliyoandikwa vizuri ni nusu ya ushahidi.